Walezi wa Nyanya za Salesio

Salesio Njiru alikuwa mpaka rangi, na kama wapaka rangi wengi wa mji wa Embu, alikuwa na ndoo nyingi kuliko kitu kingine chochote nyumbani kwake. Nyumba ikishapakwa ikapendeza, mwenye nyumba hubaki na uzuri wake na fundi huondoka na ndoo tupu. Wenzake waliziuza kwa wauza uji na wachota maji. Salesio alizisugua mpaka zikatakata, akazitoboa kitako kwa msumari wa moto, akazijaza udongo na kupanda nyanya.

Hakuwa amepanga mambo hayo. Alizaliwa upande wa Mbeere, kule chini kwenye jua kali, ambako maji yakipatikana hunywewa na watu, yakibaki hupewa mbuzi. Mtu wa kumwagia mche wa nyanya maji angeonekana amerukwa na akili. Alikua akijua kwamba nyanya ni kitu chekundu kinachotoka sokoni, basi. Hata alipohamia mjini na kuoa hakuwahi kulifikiria jambo hilo zaidi.

Kisha akaitwa Kiirua, huko juu kwenye baridi, kupaka nyumba ya mkulima mmoja aliyeitwa Mwongera, ambaye alikuwa akilima mboga za kuuzia mahoteli. Mchana mke wa Mwongera akawaletea mafundi wali na kachumbari. Ndani ya kachumbari ile mlikuwa na vipande vya zambarau iliyokaribia weusi, vingine vya njano kama kiini cha yai, na vingine vya kijani chenye mistari, na vyote vilikuwa vya nyanya zilizoiva. Wenzake walivisukuma pembeni mwa sahani. Salesio, mtu aliyeishi kwa kuchanganya rangi, alikiinua kila kipande kwenye mwanga na kukitazama kabla ya kukitia kinywani. Jioni alimwomba Mwongera nyanya chache zilizoiva kupita kiasi, akazikamua mbegu juu ya karatasi ya gazeti, zikakauka, akarudi nazo Embu mfukoni mwa ovaroli.

Tangu siku hiyo kila kazi ya mbali ikawa na faida ya pili. Githongo, alikokwenda kupaka ghala la kahawa, aliona nyanya ndogondogo zilizojiotea zenyewe katikati ya mibuni, zimening'inia kama shanga, akaomba mbegu na gunia la maganda makavu ya kahawa ya kuchanganya na udongo. Kwingine alipata nyanya nene yenye mikunjo kama boga, kwingine ndefu kama kidole. Hakuyajua majina yake ya vitabuni, kwa hiyo akazipa ya kwake: Nyeusi, Shanga, Boga, Kiini, Mistari. Nazo zikampenda, kwa sababu Embu mjini hakuna jua la Mbeere wala baridi ya Kiirua ya kuunguza majani. Ni mahali pa wastani ambapo nyanya ikipata maji ya asubuhi na ukuta wenye joto huzaa bila kinyongo.

Mkewe, Mukami, aliyekuwa na kibanda cha chapati na maharagwe karibu na soko, ndiye aliyechelewa kusadiki. Nyeusi ya kwanza ilipoiva, aliiminya kwa kidole gumba, akamwuliza mumewe kwa nini ameleta nyanya iliyooza mezani. Salesio aliikata, akainyunyizia chumvi, akala nusu, akaacha nusu kwenye sahani na kwenda nje kumwagilia. Aliporudi sahani ilikuwa tupu na Mukami alikuwa akiosha vyombo kwa bidii kubwa, amempa mgongo. Jambo hilo halikuzungumzwa tena, ila Mukami alianza kuuliza mara kwa mara Nyeusi zitaiva lini.

Walikuwa wamepanga kwenye ploti moja mtaani Majimbo, nyumba za mabati zilizotazamana, na katikati uwanja mpana wa kuanikia nguo. Mwaka hata mwaka ndoo ziliongezeka, mpaka wapangaji wakajifunza kutembea upande upande kama kaa ili wafike bombani. Hakuna aliyelalamika sana, maana mtu akikosa nyanya ya kukaangia mboga hakulazimika kwenda dukani. Mwezi wa Julai, baridi na manyunyu yanapoganda juu ya mji, Salesio alizisogeza ndoo zake chini ya vipaa vya nyumba za watu wote, na Agosti jua likitoka alizirudisha. Ndiyo sababu aliipenda ndoo. Shamba likipigwa na baridi hulihamishi.

Ilikuwa Agosti hiyohiyo, matunda yakiwa bado ya kijani, alipokuja Riungu, keretaka aliyeisimamia ploti na kukusanya kodi, na habari mbaya. Mwenye ploti alitaka kujenga ghorofa. Kila mpangaji alitakiwa awe ametoka kufikia mwisho wa mwezi. Riungu aliyasema hayo akiwa ameinamisha kichwa, kwa sababu naye alikuwa akiishi humohumo.

Nyumba nyingine ilipatikana upesi, hapohapo Majimbo, lakini ilikuwa juu, orofa ya pili, na nje ya mlango palikuwa na balkoni nyembamba ambayo ukishaweka pipa la maji hubaki nafasi ya ndoo nne tu. Mukami alimwambia achague nne.

Kwa siku kadhaa Salesio alijifanya anachagua. Asubuhi alikwenda uwanjani na kikombe chake cha chai, akaitenga Nyeusi moja, akatenga Shanga, akairudisha Shanga akaleta Mistari, akaiona Boga inamtazama. Kila mche ulikuwa na sababu ya kutoachwa. Mmoja ulinusurika na Julai, mwingine ulikuwa na tunda la kwanza la maisha yake. Jirani mmoja alijitolea kumletea trakta na trela azipeleke Mbeere kwa mama yake, naye akamshukuru, akijua fika kwamba kule zingekauka kabla ya kushushwa.

Mukami alimwangalia kutoka dirishani akiisogeza ndoo ileile kwa mara ya tatu. Akatoka nje na mikono ya unga.

"Baba Mwendwa," akasema, "mtoto wetu alikaa kwa dada yako miaka miwili tulipokuwa hatuna nafasi, na akarudi amenenepa. Hizi nazo zitafutie walezi."

Salesio alisimama na ndoo mikononi kama mtu aliyeambiwa mahali alipoacha funguo. Siku hiyohiyo akaanza kuzunguka Majimbo, si kuomba nafasi tu, bali kuangalia jua. Alisimama nje ya kila mlango akipima kivuli kinaangukia wapi asubuhi na wapi mchana. Watu walidhani anatafuta kazi ya kupaka. Kathuri, Mmeru mwenye bucha kona ya mtaa, alikuwa na ukuta unaotazama mashariki, mweupe, wenye joto. Hapo pangefaa Boga. Beverlyne, msusi, alikuwa na kizingiti kipana nje ya saluni yake; apewe Shanga, kwa kuwa ni nzuri kutazama na wateja wangechuma mojamoja wakisubiri zamu. Nyeusi, ambayo hakuweza kumkabidhi mtu yeyote tu, ilikwenda kwa Nyanya Ann.

Mama huyo mjane alikuwa jirani yao wa ploti ya zamani, naye alikuwa amepata chumba chenye kiuwanja nyuma ya kanisa. Wenzake wa rika lake waliitwa cucu, yaani bibi kwa Kiembu, na kila mtu, lakini wajukuu wake walizaliwa Mombasa na walimzoea kama Nyanya, na jina likamganda mtaa mzima.

Jumapili baada ya ibada ndoo zikahama, nne kwenda balkonini na nyingine kwa walezi. Salesio alikuwa amemkodi mtu wa mkokoteni, lakini barabara ilikuwa na mashimo na matunda yalianza kudondoka, kwa hiyo wapangaji wakazishusha, kila mmoja akabeba yake. Wanawake walizitia kichwani, wanaume walizikumbatia kifuani huku majani yakiwafunika nyuso. Ukawa msafara mrefu wa miti inayotembea. Waumini waliokuwa wakitoka kanisani walisimama kando kuwapisha, na mzee mmoja akauliza kwa heshima ni kanisa gani linapeleka matoleo. Riungu, aliyekuja kusaidia kubeba tu, alifika mwisho wa safari akiwa bado na Kiini mikononi. Alisema kwamba mlangoni pa chumba chake kipya pana jua zuri, na kwamba asingependa kuisumbua kwa kuirudisha.

Hapo ndipo Salesio alipoanza maisha mapya ya kuzunguka. Kila jioni akitoka kazini, na rangi bado kwenye nyusi, alipitia kwa walezi mmoja baada ya mwingine kama mzazi siku ya kutembelea shule. Na kama mzazi, alikuta mengi ya kumnyima raha.

Beverlyne alikuwa ameiingiza Shanga ndani, karibu na kioo, ili wateja waione vizuri. Majani yalikuwa yamekuwa njano na mche ulikuwa umejinyoosha kuelekea mlangoni kama anayetaka kwenda zake. Salesio alimweleza kwamba nyanya haili urembo, inakula jua. Wakapatana ikae nje kutwa, na akifunga saluni aiingize. Riungu kwa upande wake aliimwagilia Kiini asubuhi, mchana na jioni, mpaka udongo ukawa uji. Alipoambiwa apunguze, aliona ni ukatili.

Lakini aliyempa kazi zaidi ni Kathuri. Kathuri aliamini kwamba kiumbe chochote kinahitaji kula vizuri, na bucha haikosi uchafu wa matumbo ya ng'ombe. Alichimbia kila alichopata. Boga ikapanda ikafika kwenye ubao wa bei, majani mapana kama masikio ya tembo, meusi kwa afya, na zaidi ya tunda moja la kijani lililokuja nalo, hakuna ua hata moja. Kathuri aliwaonyesha wateja kwa fahari. Salesio aliuzunguka mche huo, akitafuta pa kuanzia bila kumvunja moyo.

"Umeilisha vizuri sana," akasema mwishowe. "Sasa imeshiba, haioni haja ya kuzaa."

Kathuri aliwaza juu ya hilo, akaona lina ukweli, kwa maana hata ng'ombe aliyenona sana ni shida kushika mimba. Akaahidi kuifungisha kidogo. Salesio akaukata mche huo machipukizi ya kwapani mwa matawi na nusu ya majani, huku Kathuri akigeukia pembeni asione.

Kwa Nyanya Ann tu ndiko alikokwenda kupumzika. Yeye aliimwagilia Nyeusi kwenye shina bila kulowesha majani, akasaga maganda ya mayai na kuyatia kwenye udongo ili matunda yasioze kitako, na alikuwa ameutegemeza mche kwa fimbo ya mwavuli. Alizungumza nao pia, Kiembu kitupu, juu ya mambo ya kanisa. Walikuwa wakikaa pale mpaka giza liingie, na Salesio alirudi nyumbani amechangamka.

Basi siku moja ya Septemba alikuwa Kangaru, juu ya ngazi, akipaka ukingo wa paa la duka, simu ikalia. Alikuwa Kathuri, anahema.

"Salesio, nyanya ameanguka. Kuja haraka, ameumia vibaya." Kisha simu ikakatika.

Salesio aliteremka ngazi bila kujua anavyoteremka. Aliiacha brashi juu ya kopo, akampungia mwenye bodaboda, na njiani akampigia Mukami. Mukami alifunga kibanda na chapati zikiwa kwenye kikaango, akachukua leso ya kumfunika mgonjwa, akakimbia kwa miguu akiomba Mungu kwa sauti. Wateja wawili walimfuata, mmoja na maharagwe yake bado mkononi. Alipopita saluni, Beverlyne aliuliza kuna nini, akajibiwa kwamba Nyanya ameanguka, naye akamwacha mteja na kichwa nusu kimesukwa na kujiunga nao.

Walifika kiuwanjani karibu wakati mmoja. Nyanya Ann alikuwa amesimama wima ukutani, mzima kabisa, na ungo wa njugu mkononi. Alimwona Salesio mwenye rangi ya samawati mpaka masikioni, akamwona Mukami anabubujikwa na machozi, na nyuma yao umati. Akauliza kwa sauti ya chini ni nani amekufa.

Kathuri alikuwa amepiga magoti kando ya ndoo. Baiskeli yake ilikuwa imelala pale ilipokuwa imeegemezwa vibaya, na chini yake ilikuwa Nyeusi, shina limevunjika kwenye panda, matunda yametapakaa. Alikuwa amemletea mama matumbo ya Jumamosi. Akainua uso uliojaa huzuni.

"Si nilikwambia ameanguka," akasema.

Aliyeelewa kwanza ni Nyanya Ann mwenyewe. Aliuweka ungo chini polepole, mabega yakaanza kumtikisika, kisha akacheka mpaka Mukami akalazimika kumkalisha juu ya ndoo tupu, na leso iliyoletwa kumfunika ikatumika kumpangusa machozi.

"Kathuri mwanangu," akasema alipopata pumzi, "siku nitakayoanguka mimi, waambie cucu ameanguka. Hiyo ya kwenye ndoo *imeanguka*."

Kathuri alijitetea. Kitu kinachokula, kinachokunywa, kinachofunga na kushiba, aliuliza, kwa nini kiitwe kama kiti? Hata leo watu wa Majimbo hawajakubaliana. Salesio aliketi chini kwenye vumbi na kucheka pamoja nao, na kwa mara ya kwanza hakuutazama mche kabla ya watu.

Baadaye aliutazama. Tawi moja lilikuwa limeshika kwa gamba tu; akalirudisha mahali pake na kulifunga kwa kitambaa. Lile lililokatika kabisa alilichomeka kwenye udongo wenye unyevu, kivulini, kwa sababu nyanya hutoa mizizi popote shina linapogusa udongo ukiipa muda. Likashika. Akampa Kathuri alilee, na Kathuri akalipokea kwa mikono miwili, akaapa halitaona tumbo la ng'ombe. Salesio naye kwa wiki nzima hakupita njiani bila mtu kumwuliza, "Nyanya ameamkaje?"

Mwisho wa mwezi huo zikaiva. Ziliiva zote karibu pamoja, kila moja kwenye mlango wa mlezi wake, na Majimbo ikawa na madoa ya njano na zambarau na nyekundu kila kona. Kathuri akasema haifai kila mtu ale peke yake kama mwizi, akachinja mbuzi, akawaita watu Jumamosi nyuma ya bucha. Mukami alileta chapati. Kila mlezi alileta mavuno yake, yakakatwakatwa ndani ya karai kubwa pamoja na vitunguu, dania na pilipili, na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Riungu hakutaka Kiini zake zichanganywe kabla watu hawajazionja zenyewe. Beverlyne alidai Shanga zina sukari kuliko zote na asiyeamini ale tatu mfululizo. Boga ya Kathuri ilikuwa imeivisha lile tunda moja tu, lakini kubwa kiasi cha kuhitaji sahani yake, na alilizungusha kwa wageni kabla ya kukubali kisu kipite. Salesio alikula kwanza bila nyama, kama alivyokula Kiirua, kipande kimoja kimoja. Hakuwahi kuonja zote katika sahani moja, kwa sababu alipozilima peke yake zilikuwa hazifikii kuiva pamoja. Mukami alizipeleka kibandani mojamoja zilivyokuwa zikiiva.

Walipokuwa wakinawa mikono, akataja kwamba mvua za Oktoba zinakaribia na angependa kuanza kuzikusanya ndoo zake. Alishangaa jinsi watu walivyopata shughuli ghafla. Beverlyne akakumbuka mteja. Kathuri akaenda kutafuta kisu alichokuwa amekishika. Riungu peke yake ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kusema, nao ulikuwa mdogo: kwamba Kiini imeshazoea, na mtoto hahamishwi katikati ya muhula.

Salesio alimtazama Mukami, na Mukami akatazama mifupa ya mbuzi.

Mvua ilikuja wiki iliyofuata, alasiri, ghafla na kwa nguvu, ile mvua inayopiga mabati mpaka watu waongee kwa ishara. Salesio alikuwa amemaliza kazi mapema. Alijua maji yakikaa juu ya majani madoa meusi ya baridi hufuata na mche hufa kwa siku chache, kwa hiyo alikimbia mtaa mzima na gunia kichwani. Kwa Kathuri alikuta Boga iko chini ya kipaa, na lile tawi changa limefunikwa kwa karai. Kwa Beverlyne Shanga ilikuwa imeingizwa ndani na imepewa kiti. Mlangoni kwa Riungu hapakuwa na kitu. Alimkuta ndani, Kiini ipo mezani na yeye ameketi kitandani anaitazama. Nyanya Ann alimpungia mkono kutoka dirishani, akiwa na fimbo ya mwavuli mkononi na Nyeusi miguuni pake, na kwa ishara akamwambia aende nyumbani kabla hajapata homa.

Alipanda ngazi hadi orofa ya pili viatu vikilia maji. Upepo ulikuwa unaelekea upande wao. Mukami alikuwa kwenye balkoni, amelowa mpaka nywele, anaikokota ndoo ya mwisho kuelekea mlangoni kwa mikono yote miwili.

"Umezunguka kwa watu wote?" akamwuliza.

Akajibu ndiyo.

"Na hizi za kwako je?"

Salesio alishika upande wa pili wa ndoo, wakaiingiza. Ndoo zote nne zilijaza chumba, maji yakatiririka sakafuni, na meza ikabidi isukumwe ukutani. Walikula ugali na mboga wakiwa wameketi kitandani, sahani mapajani, majani mabichi yakiwagusa mabega. Mukami alinyoosha mkono, akachuma Mistari iliyoiva, akaikata juu ya sahani ya mumewe, na kumwambia kesho amtafutie ndoo nyingine moja, kwa kuwa mke wa keretaka wa ghorofa yao alikuwa amekuja kuulizia mche.